Sydney Barnes, mrushaji wa kaunti ndogo aliyejua bei ya mkono wake

Ukitaja kriketi hapa Bukavu, mtu atakuuliza: "Ule mchezo wa Wapakistani?" Ndiyo, ule ule. Wanajeshi wa Pakistani waliokuwa na MONUSCO, ujumbe wa amani wa Umoja wa Mataifa, walikaa nasi Kivu ya Kusini miaka na miaka, hadi ujumbe ulipofunga kazi katika jimbo letu mwezi wa Juni 2024, na jioni wasipokuwa zamu walicheza kriketi kambini. Mimi nilikuwa mkalimani wao. Asubuhi tunapanda milima kwenda kwa mwami au kwa wakubwa wa kijiji, nageuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza, na Mashi, lugha ya huku kwetu, ikiingia katikati bila hodi. Jioni nangoja gari la kurudi mjini, na dereva hana haraka, kwa sababu yeye ndiye mrushaji wa kwanza wa timu yake. Basi nilikaa, nikatazama, nikauliza maswali hadi wakanizoea.

Hawakutumia ule mpira mwekundu wa ngozi unaouona kwenye televisheni. Walichukua mpira wa tenisi, wakauzungushia utepe wa fundi umeme, ule mweupe, mpaka manyoya yote yakafunikwa. Kazi hiyo ilikuwa ya sajini mmoja mwenye masharubu, na hakumwachia mtu. Aliukata utepe kwa meno, akaubandika akiufuata kwa kidole gumba, akiona umejikunja anaubandua na kuanza upya. Kisha upande mmoja wa mpira aliongeza tabaka la pili. Mpira ambao upande mmoja ni mzito kuliko mwingine haufiki ulikoelekezwa: unakuja umenyooka, halafu hatua chache mbele ya mpigaji unapinda. Nilishika gongo siku moja nikaona mwenyewe. Nilipiga hewa. Nyuma yangu vijiti vitatu vilianguka, na kambi nzima ikashangilia kana kwamba wamemtoa bingwa wa dunia.

Kwao warushaji walikuwa wawili tu, Wasim Akram na Waqar Younis. Wiketi, yaani wapigaji waliotolewa, 414 za Test, mechi ndefu za taifa kwa taifa, kwa wa kwanza, 373 kwa wa pili, na ole wako ubishe. Sikubisha. Lakini mrushaji wangu nilimpata peke yangu, usiku, kwenye simu, siku za intaneti nzuri. Nilikuwa natazama orodha ya waliochukua wiketi nyingi kwa gharama ndogo. Hesabu yake ni rahisi: mikimbio yote, yaani pointi, ambayo wapigaji walipata kwa mipira yako, gawanya kwa idadi ya watu uliowatoa. Ukipata 25 wewe ni mzuri. Ukipata 20 watakutungia hadithi. Huyu alikuwa na 16.43, na si kwa wiketi tano au sita za bahati. Alikuwa na wiketi 189. Jina Sydney Barnes, amezaliwa Smethwick, Uingereza, mwaka 1873.

Kilichonishika hata hivyo ni namba nyingine. Amecheza Test 27 tu, kati ya 1901 na 1914. Na katika ligi kuu ya kaunti, ambako wachezaji wote wakubwa wa Uingereza walipatikana, alikaa misimu miwili kamili basi. Muda mwingine wote alikuwa wapi, mtu wa namna hii?

Alikuwa Staffordshire. Nieleze kidogo, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Uingereza ina kaunti kubwa za kriketi, akina Yorkshire, Lancashire na Surrey, ambazo mechi zao huitwa za daraja la kwanza. Chini yake zipo kaunti ndogo, ambazo tangu 1895 zina ubingwa wao wenyewe. Enzi hizo mechi za kaunti ndogo zilikuwa za siku mbili, watazamaji wachache, gazeti la mkoa likitoa mistari kadhaa. Wachezaji wake ni watu wenye kazi nyingine. Staffordshire ni nchi ya makaa ya mawe na ya viwanda vya vyombo vya udongo, na Barnes mwenyewe alikuwa karani katika mgodi wa makaa. Kaunti hiyo ndogo alianza kuichezea 1904, vita vikamkatiza 1914, akarudi 1924 na hakuacha hadi 1935, akiwa na miaka 62. Wiketi 1,441, wastani 8.15. Naandika tena kwa ajili ya yule atakayedhani nimekosea nukta: nane.

Na Jumamosi alicheza ligi. Hapo ndipo penye utamu kwa mtu wa Bukavu. Kaskazini mwa Uingereza, miji ya viwanda vya pamba na sufu ilikuwa na ligi za Jumamosi mchana, baada ya wafanyakazi kutoka zamu. Katika ligi ya Lancashire kila timu iliruhusiwa mchezaji mmoja tu wa kulipwa. Wengine wote ni wafumaji, wauza duka, walimu. Yule mmoja ndiye watu wanayelipia kiingilio kumwona, naye anajua. Tena akifanya jambo, akachukua wiketi nyingi au akafikisha mikimbio hamsini, chombo kinapitishwa uwanjani na watu wanatumbukiza sarafu. Wanamtunza, kama tunavyomtunza mwimbaji harusini kwa kumbandika noti kwenye paji la uso. Barnes alipita Rishton, Burnley na Church, akawa Porthill Park huko Staffordshire, na vita ya kwanza ilipokuja akaenda Saltaire, upande wa Bradford, akakaa hadi 1923.

Waandishi wa Kiingereza wanapoeleza kwa nini hakubaki kaunti kubwa, wengi wanasema alikuwa mtu mgumu. Neno hilo linarudi kila ukurasa. Mgumu, mkaidi, hapendi kuamrishwa, hana uso wa kucheka. Mimi nikisoma hivyo namwona kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa winga. Nani pale Kadutu, mtaa wa mji wetu, asiyemjua miaka ile? Aliichezea timu ya mtaa, mechi zao wanapiga popote penye tambarare, na mji wetu hauna tambarare nyingi. Akaja mtu wa timu kubwa, ya mji mwingine, sitaitaja. Ahadi: mshahara wa mwezi kwa dola, nyumba, na prime, malipo ya ziada, kwa kila mechi wanayoshinda. Mwezi wa kwanza akapewa nusu. Mwezi wa pili akapewa maneno. Nyumba ikawa chumba kimoja wanalala wachezaji wengi, godoro moja linapokezanwa. Akaenda kwa katibu wa timu akadai haki yake, kwa adabu, kofia mkononi, namjua. Akaambiwa: vijana wanaotaka nafasi yako wamepanga foleni hadi barabarani. Akakunja nguo zake akarudi Bukavu.

Unajua walisema nini huku? "Ana kichwa kigumu." Mama zangu wadogo, majirani, hata kinyozi. Mtoto amepata bahati akaitupa. Mzee wetu peke yake ndiye aliyeuliza: "Lakini walimlipa?"

Leo ana karakana yake ndogo ya kuchomelea vyuma, anatengeneza milango na madirisha, na mwisho wa juma anacheza mashindano ya mitaa. Wanaomwita wanajua sharti: pesa mkononi kabla hajafunga kamba za viatu. Benki zilipofungwa Februari 2025, M23 walipoingia mjini, sharti hilo likawa la mji mzima, hakuna aliyemshangaa tena.

Basi turudi kwa mgumu wetu.

Mwaka 1901 Archie MacLaren, nahodha wa Lancashire na wa Uingereza, alikuwa anakusanya timu ya kwenda Australia. Warushaji wazuri hawakupatikana. Akamjaribu yule kijana wa ligi, wa Burnley, mwenye mechi chache mno za daraja la kwanza. Akasimama mwenyewe na gongo, Barnes akamrushia mazoezini, na mipira ikampata mwilini. Akamchukua. Watu wakauliza huyu nani. Test yake ya kwanza, Sydney, akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 65. Ya pili, Melbourne, wiketi 13. Ya tatu goti likaharibika na safari ikaishia hapo, na Uingereza ikapoteza mfululizo ule nne kwa moja. Kinasimuliwa kisa kwamba melini, bahari ilipochafuka, MacLaren alimfariji mwenzake kwa kumwambia kwamba wakizama, angalau Barnes atazama nao. Ndiye aliyemchagua, kumbuka.

Alicheza Lancashire 1902 na 1903, msimu wa pili akachukua wiketi 131. Hawakuelewana kuhusu masharti, akaondoka. Fikiri hesabu aliyokuwa nayo mezani. Mchezaji wa kulipwa wa kaunti kubwa alifanya kazi siku sita kwa juma majira ya joto, anarusha mpaka bega linawaka, na ikifika baridi anatafuta kibarua. Wa ligi anarusha Jumamosi, Jumatatu yuko kwenye meza yake ya ukarani, mwaka mzima. Bega linadumu, mshahara ni miwili. Pamoja na hayo, kwenye kaunti kubwa mtu wa kulipwa alipitia mlango wake na kubadilishia nguo chumba chake, mbali na mabwana waliosemekana kucheza kwa mapenzi tu. Hata kwenye karatasi ya matokeo majina yao yaliandikwa tofauti, ili msomaji ajue nani bwana na nani wa kulipwa. Utaratibu huo haukufutwa hadi 1962. Sisi ambao babu zetu waliishi Bukavu ilipoitwa Costermansville, mtaa wa wazungu huku na mtaa wa wenyeji kule, hatuhitaji kuelezwa sana jambo la milango miwili.

Sasa, alirusha vipi? Wapenzi wa kasi wataniambia Barnes hakuwa wa kasi kabisa kama Waqar. Kweli. Alianza akiwa wa kasi, kisha akaipunguza kidogo na kujifunza jambo ambalo karibu kila mtu huona haliwezekani. Warushaji wa polepole huuzungusha mpira ili ukigusa ardhi ugeuke. Wa kasi hutegemea mshono na hewa. Barnes aliuzungusha kwa vidole, vidole vyake virefu, akiwa kwenye mwendo wa mrushaji wa kasi. Ule maarufu ulielea ukielekea miguuni kwa mpigaji wa mkono wa kulia, ukagusa ardhi, ukakata kwenda upande wa pili, nje. Anayeufuata anakuta umeshaondoka, asiyeufuata anasikia vijiti.

Tarehe 30 Desemba 1911, Melbourne. Australia wanapiga. Bardsley, Kelleway, Hill, Armstrong: wote wanne wanatoka mkononi mwa Barnes, naye amefungwa mkimbio mmoja. Kisha Minnett. Ova 11, yaani mafungu 11 ya mipira sita sita, mikimbio 6, wiketi 5. Watazamaji wakaanza kumzomea kwa kuchukua muda akipanga watu wake uwanjani. Aliutupa mpira chini, akakunja mikono, akangoja wamalize. Safari ile alimaliza na wiketi 34, mwenzake Frank Foster 32, na safari hii nne kwa moja ilikuwa ya Uingereza. Na aliporudi nyumbani? Porthill Park, Jumamosi. Staffordshire, siku mbili mbili. Fundi wa duka la nyama wa kaunti nyingine ndogo alitoka nyumbani asubuhi akijua leo atamkabili mtu aliyewamaliza Waaustralia. Mimi hawa ndio ninaowaonea huruma zaidi katika hadithi nzima.

Halafu Afrika Kusini, 1913 hadi 1914. Huko viwanja vingi havikuwa na majani katikati, walitandika mkeka wa makumbi ya nazi, na mpira wenye mzunguko ukikanyaga mkeka unauma. Kwa mtu wa vidole kama Barnes hiyo ilikuwa zawadi. Johannesburg, Test ya pili: 8 kwa 56, kisha 9 kwa 103. Wiketi 17 katika mechi moja, na hakuna aliyempita hadi Jim Laker alipochukua 19 huko Manchester mwaka 1956. Durban, Test ya nne: wiketi 14. Jumla 49 katika mechi nne, na hadi leo hakuna mrushaji aliyezifikia katika mfululizo mmoja wa Test.

Mechi nne, maana ya tano alikataa kucheza. Inasimuliwa kwamba palikuwa na mzozo wa pesa, kuhusu gharama za mkewe aliyesafiri naye. Hapo nakubali wale wanaomlaumu wana hoja, wenzake walibaki uwanjani pungufu ya mtu wa maana kuliko wote. Lakini walikuwa wameshashinda tatu, na kama ahadi ilitolewa, ilitakiwa itimizwe kabla ya mechi ya tano.

Nisiwe mchoyo, nimtaje pia aliyemsumbua. Herbie Taylor, nahodha wa Afrika Kusini, alipata mikimbio 508 katika mfululizo ule ule ambao wenzake walikuwa wanaanguka mmoja mmoja. Na pale Natal ilipowapiga wageni, pigo pekee la safari yao, Taylor tena ndiye aliyesimama. Inasemekana Barnes alinung'unika, Taylor, Taylor, kila siku Taylor. Wapakistani wangu walikipenda kisa hiki kuliko vyote nilivyowasimulia. Sajini alisema mrushaji asiyekuwa na Taylor wake hajacheza.

Hiyo ya Durban ndiyo ikawa Test yake ya mwisho, lakini haikuwa mara ya mwisho kuitwa. Mwaka 1920, miaka 47, wakamtaka tena kwa safari ya Australia. Akasema sawa, lakini mke na mtoto waende naye kwa gharama yenu. Wakakataa. Akabaki Saltaire. Uingereza wakaenda bila yeye wakapigwa tano kwa sifuri.

Nilipomsimulia kaka kisa hiki alikuwa ameinama kwenye geti, miwani meusi usoni. Alizima mashine, akaivua miwani, akacheka mpaka kijana wake wa kazi akaja kuangalia kuna nini.

"Tano kwa sifuri?"

"Tano kwa sifuri."

"Na yeye Jumamosi alicheza?"

"Alicheza."

"Wakamlipa?"

"Huko walimlipa, ndiyo sababu alibaki."

Akarudi kwenye geti lake.

Kuna watu watasema aliwapiga wadogo, wiketi 1,441 za wauza nyama na makarani si kitu. Ndiyo sababu naipenda miaka yake ya uzeeni, inawajibu bila mimi kusumbuka. Mwaka 1928 timu ya West Indies ilipozuru, Barnes aliichezea Wales dhidi yao, miaka 55, akachukua wiketi 12. Mwaka uliofuata Waafrika Kusini walikuja, wakacheza na timu ya mchanganyiko ya kaunti ndogo. Barnes, miaka 56: wiketi 8 kwa mikimbio 41. Hao walikuwa wapigaji wa Test, vijana, walioletwa na meli kwa kazi hiyo hiyo.

Na mkono ule ule uliandika. Baada ya mgodi alifanya kazi kwa baraza la kaunti ya Staffordshire, akinakili hati za kisheria kwa mwandiko wa mapambo, herufi moja moja, wino na kalamu. Nimeona picha ya mwandiko wake: mistari imesimama, hakuna herufi inayomsukuma mwenzake. Malkia Elizabeth alipotembelea Stafford mwaka 1957 alipewa hati iliyoandikwa na mzee huyo wa miaka 84. Alifariki tarehe 26 Desemba 1967, miaka 94.

Kapteni mmoja, ambaye bado tunaandikiana, amerudi kwao Punjab na ananiambia kila mara kwamba Barnes asingefua dafu leo, kwamba magongo ni mazito, viwanja havina mikeka, wapigaji wamejifunza kila kitu kwa video. Nimemjibu kwamba leo kuna ligi za mabilioni zinazomnunua mrushaji kwa majuma machache tu, na nusu ya wachezaji wakubwa wanaziacha timu zao za taifa kwenda huko bila mtu kuwaita wagumu. Barnes angekuwa wa kwanza kusaini, na angesoma kila mstari wa mkataba kabla. Hajanijibu bado. Ujumbe umeonyesha amesoma.